Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Mjadala juu ya Gari Kuukuu Lisilowaka

Hoja

Gari kuukuu likikataa kuwaka, au likiwaka kisha likawa linakatakata njiani, fundi asinunue kipuri chochote kabla hajapima njia nzima ya umeme kutoka betri hadi plagi, umeme ukiwa kazini, na kuziandika namba alizozipata. Hiyo ndiyo hoja inayotetewa hapa. Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani hakuna wa kuipinga, lakini Kigali inao wapinzani wengi, na wote wana sababu zao. Wapo wenye magari wanaohesabu saa na pesa. Wapo mafundi wa Gatsata, pale kando ya barabara itokayo Nyabugogo kwenda Gatuna, waliojifunza kazi kwa sikio na vidole. Wapo wanaotaka waya wote wa zamani ung'olewe mara moja. Na wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na mitambo ya karne iliyopita katika mji unaoingia kwenye zama za umeme. Kila mmoja apewe nafasi aseme lake, kisha ajibiwe.

Kwanza tuweke wazi lile ambalo wote wanalikubali. Corolla ya miaka ya 1970, Peugeot 504 na Volkswagen Beetle ya volti 12 huwasha petroli kwa mfumo mmoja, uliotokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20. Umeme hutoka betri, hupita swichi ya ufunguo, huingia koili, kisha hufika ethi kupitia platini zilizomo ndani ya distribyuta. Platini zikifungana, koili hujaa sumaku. Zikiachana, sumaku ile huporomoka ghafla na kuzaa maelfu ya volti kwenye waya mnene wa katikati. Rota huupokea umeme huo na kuugawia plagi kwa zamu: 1-3-4-2 kwenye Corolla na 504, 1-4-3-2 kwenye Beetle. Kondensa ndogo ya pembeni huzuia platini zisichomwe na cheche zao wenyewe. Basi. Hakuna kompyuta wala sensa. Mfumo wote unaweza kuonekana kwa macho na kupimwa kwa mikono, na ndiyo maana kubahatisha hapa hakuna udhuru.

Sauti ya kwanza: mwenye gari

"Ndugu yangu, muda wangu una thamani. Plagi si ghali, platini si ghali, kondensa ndiyo kabisa. Nikibadilisha vyote siku moja, kilichokuwa kibovu kitatoka pamoja na vizima. Kwa nini nimlipe fundi saa nzima ya kuchungulia na mita?"

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungejua kwamba ubovu uko kwenye kipuri. Lakini hebu tufanye hesabu. Koili nyingi za aina hii zina ukinzani wa takriban omu 3. Zikipata volti 12 kamili huvuta ampea 4. Sasa chukulia kwamba kiungo kimoja kati ya swichi na koili kimeshika kutu, na kutu hiyo ina ukinzani wa omu 0.75 tu. Njia nzima imekuwa omu 3.75, mkondo umeshuka hadi ampea 3.2, volti 2.4 zinapotelea kwenye kiungo, na koili imebakiwa na volti 9.6. Mtu ataona amepoteza moja ya tano, lakini hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa nguvu inayohifadhiwa kwenye koili hufuata mkondo mara mkondo. Zidisha 3.2 kwa 3.2, ulinganishe na 4 kwa 4: inabaki asilimia 64. Tena hapo betri bado imetulia. Stata ikiivuta hadi volti 10, cheche haipati hata nusu ya nguvu yake. Koili mpya ukiifunga hapo itakutana na njaa ileile, na plagi mpya vilevile. Mwenye gari atakuwa amenunua duka zima ilhali dawa ilikuwa kipande cha msasa na koleo.

Kuna sababu nyingine ya kuishuku njia kabla ya kipuri. Platini na plagi za gari la miaka 45 zimekwisha badilishwa mara nyingi, lakini waya unaotoka kwenye swichi huenda ni uleule uliotoka nao kiwandani. Umeme unapotoka betri hadi koili hupita kwenye kichwa cha betri, kwenye klampu, kwenye nati ya stata, kwenye meno ya swichi, na kwenye viungo kadhaa vya kuchomeka. Kila mahali hapo panazeeka na hakuna anayepashika. Kwa Rwanda hali ina uzito wake. Hapa tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari mengi yenye usukani kushoto yalitoka Ulaya, ambako wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hupanda chini ya bodi na kula sehemu ambazo ethi imefungwa kwa boliti. Gari linaweza kuwa limepakwa rangi likang'aa, huku chini ya boliti moja ya ethi kumejaa unga wa kijani.

Na hata pale ubadilishaji unapofanikiwa, unaficha ukweli. Fundi aliyegusa vitu vitano kwa pamoja ametikisa viungo vyote vilivyo jirani. Gari likiwaka, hakuna anayejua kama limewashwa na kondensa mpya au na waya uliolegea ambao umepata bahati ya kugusana. Baada ya wiki mbili ugonjwa unarudi, na sasa kuna mashaka mapya: nafasi ya platini iliwekwa sawa? Kwenye Beetle inatakiwa iwe milimita 0.4, na anayeifunga kwa kukadiria hubadilisha taimingi bila kujua. Bandu bandu huisha gogo: vipuri vidogo vya bei ndogo, vikinunuliwa kwa kubahatisha mara nne au tano, hupita gharama ya kipimo kimoja. Nchi hii imekwisha kubali kanuni hiyo kwenye jambo kubwa zaidi. Mhudumu wa afya wa kijijini humpima mtu mwenye homa damu ya kidoleni kabla ya kumpa dawa ya malaria, kwa sababu homa ni moja na vyanzo vyake ni vingi. Gari lisilowaka linastahili mantiki hiyohiyo.

Sauti ya pili: fundi mzoefu

"Kaka, mimi gari nalisikiliza. Stata ikivuta kwa uzito najua ni betri au ethi. Nikichomoa waya wa plagi na kuusogeza karibu na bodi, rangi ya cheche inaniambia kila kitu. Mita ni mambo ya shule."

Fundi huyu asidharauliwe. Uzoefu ndio unaomwambia mtu aanzie wapi, na hakuna mita inayojua hilo. Lakini sikio lina mpaka wake: stata inayovuta kwa uzito hutoa sauti ileile iwe betri imechoka, iwe nyaya nene zimeliwa, au iwe stata yenyewe imekwisha. Kipimo hutenganisha mambo hayo matatu kwa dakika chache. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6; ikishuka sana chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, ina maswali ya kujibu. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia ya ethi ndiyo mkosaji. Stata ya gari dogo huvuta ampea 150 bila shida, na kwa mkondo huo ukinzani wa omu 0.01, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuusoma, humeza volti 1.5. Hakuna sikio linaloweza kuusikia ukinzani huo, lakini mita ya bei ndogo ikiwekwa mahali pake huuonyesha.

Kuhusu rangi ya cheche, ushahidi wake ni wa nusu. Cheche inayoruka hewani nje ya injini haijakutana na mgandamizo wa ndani ya silinda, ambako umeme huhitaji volti nyingi zaidi kuruka nafasi ileile. Koili dhaifu inaweza kutoa cheche nzuri mkononi mwa fundi na ikashindwa ndani wakati gari linapanda mlima. Kigali yenyewe ina mtego mwingine kwa jicho. Mji uko takriban mita 1,567 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko pwani. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya nchi ya chini humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi. Fundi akiziona husema plagi zimekufa au umeme ni mdogo, anafunga mpya, gari linakimbia vizuri siku chache, kisha masizi yanarudi. Aliyepima na kuona koili inapata volti zake zote angejua kwamba njia ya umeme haina kosa, akaenda kwenye jeti ya kabureta.

Kwa upande mwingine, mwanafunzi aliyetoka chuoni naye asijivune na mita yake. Mita ya kidijitali haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaionyesha volti 12 kamili, na kijana ataapa kwamba waya ni mzima. Taa ya testa ya fundi wa zamani humwumbua papo hapo: balbu inataka mkondo, uzi mmoja haukidhi, taa inafifia. Ndiyo maana hoja yetu inasisitiza kupima umeme ukiwa kazini. Koili inapimwa ufunguo ukiwa umewashwa na platini zimefungwa, ili mkondo upite kweli. Hapo volti zinazokosekana hujitokeza, na ukihamisha ncha ya mita kiungo kwa kiungo kurudi nyuma kuelekea betri, unafika kwenye kiungo kinachozila. Ndani ya distribyuta kuna mfano mzuri kuliko yote. Bamba linalobeba platini huzungushwa kidogo na kifaa cha vakyumu kila mara dereva anapobadilisha mguu kwenye mafuta, na ethi yake hupita kwenye kiwaya kifupi cha shaba kilichosukwa, laini, kisicho na gamba. Miaka ikipita, nyuzi zake hukatika moja moja kwa kukunjwakunjwa. Gari linasimama vizuri na linaunguruma vizuri; dereva akikanyaga mafuta tu, bamba linazunguka, kiwaya kinaachia, gari linazima. Ukipima bila kulizungusha bamba kwa kidole, hutakiona kamwe. Hapo uzoefu wa fundi na namba za mita vinahitajiana.

Mvua nayo inafundisha. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, asubuhi nyingi za Kigali huwa na unyevu. Kifuniko cha distribyuta chenye ufa mwembamba au mstari mweusi wa kaboni ndani yake hupitisha umeme kando badala ya kuupeleka plagi. Gari halitaki asubuhi, linakubali saa sita mchana jua likiwaka juu ya boneti. Tatizo la kinyume chake ni la koili iliyochoka: gari linawaka asubuhi bila shida na kukata likishapata joto. Kwa hiyo saa ya ugonjwa ni kipimo kama volti zilivyo kipimo, nayo iandikwe.

Sauti ya tatu: anayetaka waya mpya

"Waya wa miaka 40 umeshakufa. Ng'oa wote, vuta mpya, weka na mfumo wa kuwasha wa kielektroniki badala ya platini, umalize biashara."

Kuna magari ambayo huyu anasema kweli juu yake. Gamba la waya likikunjwa likapasuka, au likionyesha alama za kuungua kwa urefu mkubwa, waya huo haufai kuwekwa barabarani. Magari mengi ya zamani hayakuwekewa fyuzi kwenye njia ya koili, kwa hiyo shoti hapo haikatwi na kitu chochote mpaka waya uwe umeshika moto. Lakini uamuzi huo ni matokeo ya ukaguzi. Hauwezi kuchukua nafasi yake. Waya wa kiwandani ni ramani. Kwenye magari ya Kijerumani namba zimechapwa kwenye vifaa vyenyewe: 30 ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, 15 ni moto unaokuja ufunguo ukiwashwa, 50 ni wa kupiga stata, 31 ni ethi, na 1 ni upande wa koili unaokwenda distribyuta. Rangi nazo hufuata mpango. Anayeng'oa yote na kuvuta waya mwekundu kila mahali ameichana ramani, na fundi atakayekuja baada yake ataanza gizani. Kabla ya kung'oa waya wowote, uchorwe, upewe alama, na rangi yake irudishwe.

Pia kuna waya unaoonekana dhaifu kwa makusudi. Baadhi ya magari hutumia koili ya omu 1.5 pamoja na rezista, au waya maalumu wenye ukinzani, ili koili ipate umeme mwingi wakati wa kupiga stata na ipunguziwe injini ikishawaka. Mtu akiuona waya ule umepungua volti, akaubadilisha kwa waya mzuri wa moja kwa moja, koili ile kwenye volti 14 za altaneta inaweza kuvuta zaidi ya ampea 9 pale ilipotakiwa kuvuta karibu nusu yake. Platini zinaungua upesi na koili inachemka. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema. Alichokosa ni kipimo cha omu za koili, kazi ya sekunde chache. Mfumo wa kielektroniki nao hautoi msamaha. Unaondoa platini, lakini unakula umeme kutoka swichi ileile na unarudi kwenye ethi ileile. Ukiuweka juu ya kiungo kilicholiwa, umeongeza kifaa ghali kwenye njia mbovu.

Kuhusu kununua waya kamili uliotumika, msomaji wa Kigali ana tahadhari yake ya pekee. Uganda na Tanzania wanaendesha kushoto, na magari yao yana usukani kulia. Koili, distribyuta na plagi zitokazo Kampala au Dar es Salaam zitaingia kwenye injini ya aina hiyohiyo bila shida; waya wa dashibodi hautaingia, kwa sababu swichi, saa za dashibodi na pedali ziko upande mwingine na urefu wa matawi yake umekatwa kwa upande huo. Anayeulazimisha hukata na kuunga, kukata na kuunga, na kila alipounga amepanda ugonjwa wa miaka ijayo.

Sauti ya nne: mtetezi wa hewa safi

"Kwa nini haya yote? Pikipiki za umeme za Ampersand zinazunguka mjini tangu 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli haziandikishwi tena kubeba abiria Kigali. Mwaka huohuo REMA, mamlaka ya mazingira ya Rwanda, ilianza kupima moshi wa magari. Yaacheni magari haya yaende zake."

Sauti hii ndiyo nzito kuliko zote, na sehemu yake lazima ikubaliwe. Gari la kabureta lisilo na kichujio cha moshi halitakuwa safi kama la kisasa, hata likipangwa na fundi bora. Lakini maadamu liko barabarani, hali ya cheche yake ni suala la hewa tunayovuta. Silinda inayokosa cheche haichomi petroli. Inaitoa mbichi kupitia ekzosi. Kiungo kimoja chenye kutu, ambacho tumekwisha kuona kinapunguza zaidi ya theluthi ya nguvu, kinaweza kuwa ndicho kinacholifelisha gari kwenye kipimo cha moshi. Kipimo cha serikali kitamwambia mwenye gari kwamba moshi ni mbaya. Hakitamwambia ni kwa nini. Sababu itatafutwa garajini, na ikitafutwa kwa kubahatisha, gari litarudi kwenye mstari likiwa na vipuri vipya na moshi uleule.

Zaidi ya hapo, ujuzi unaotetewa hapa hauishi petroli ikiisha. Kwenye chombo cha umeme mkondo ni mkubwa zaidi, na kiungo kibovu ni hatari zaidi. Ampea 100 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.01 huzaa joto la wati 100 mahali pamoja, joto linaloweza kuyeyusha plastiki ya kiungo. Kijana aliyejifunza kutafuta volti zilizopotea kwenye Corolla kuukuu, kiungo kwa kiungo, ndiye atakayekuwa salama na wa manufaa mbele ya betri ya pikipiki ya umeme. Chuo cha ufundi kama kile cha Kicukiro, kilichojulikana kama IPRC Kigali, kikipewa gari la zamani kama somo kinapata darasa ambalo makosa yake yanaonekana kwa macho, kwa volti 12 zisizomuua mwanafunzi. Awekwe mbali tu na waya mnene wa koili, ambao una maelfu.

Kinachopaswa kufuata

Kama hoja imesimama, basi ina madai kwa pande zote. Mwenye gari akubali kwamba kupima ni kazi na kazi hulipwa; anayekataa kulipia kipimo anamsukuma fundi apate riziki yake kwenye kuuza vipuri. Fundi naye ampe mteja karatasi yenye namba tano: volti za betri iliyotulia, volti zake wakati wa stata, volti zinazopotea kwenye ethi, volti zinazofika koili platini zikiwa zimefungwa, na volti za chaji injini ikiunguruma, ambazo kwa kawaida huwa kati ya 13.8 na 14.5. Karatasi hiyo ikae ndani ya gari. Siku ugonjwa utakaporudi, fundi yeyote, awe wa Gatsata au wa Gikondo, atapima upya na kuona ni namba ipi imehama. Na pale namba zitakapoonyesha kwamba kweli koili imekufa au kondensa imeoza, inunuliwe bila kusita, kwa kuwa sasa inajulikana inaponya nini. Gari la zamani linaweza kutunzwa na mtu wa kipato cha kawaida, mradi kila faranga inayotolewa mfukoni iwe imetanguliwa na ushahidi.